Fundi Aliyesikiliza Injini kwa Meno

Fundi alikuwa mtu wa kunyamazisha watu. Ukifika kwa kibanda chake, pale ng'ambo ya barabara, mkabala na kituo chetu cha kupimia majani chai, kabla hata hujasalimu chamgei ameshainua kidole. "Nyamaza. Wacha iongee." Anayeongea ni injini. Wewe na shida zako, na maziwa yako yanayoanza kuchacha kwa mkebe, simama hapo kando kama mtu aliyefika harusini bila kualikwa. Nimemwona akimnyamazisha chifu. Nimemwona akimnyamazisha mchungaji katikati ya maombi ya kubariki pikipiki mpya ya kanisa, ati kuna kitu kinagonga ndani na Amina ingoje kidogo.

Alizaliwa wapi na ni mwana wa nani, hiyo si kazi yangu. Alitoka upande wa ziwa zamani, akakaa kwetu mpaka akawa anagombana kwa Kikipsigis kuliko sisi wenyewe. Mimi nataka kusema juu ya sikio lake, maana huyo mtu hakuwa na mali nyingine. Shamba hakuwa nalo. Ng'ombe hakuwa nao. Spana zake nusu zilikuwa za kuazima, na wenyewe walishachoka kuzidai. Alikuwa na sikio tu. Watu walitoka Kipkelion, wengine wakatoka mpaka Bomet, wakipita mafundi wote njiani, ili hilo sikio liwasikilizie piki zao. Halafu sikio likamwacha, naye akakataa kuachwa. Miaka kama miwili hivi alifanya kazi ya sikio bila sikio, akiogopa siku tutakapojua. Na sisi hatukujua. Tulimwona amekuwa mjinga, na tulimcheka. Mimi nilimcheka kuliko wote, na sitajificha nyuma ya mtu.

Alistahili kuchekwa lakini. Ovaroli yake ilikuwa ya buluu, kwa maneno yake; mimi sikuwahi kuuona huo ubuluu. Mikono aliosha kwa petroli. Akikusalimia kanisani Jumapili, unanuka stesheni ya mafuta mpaka Jumanne, na ukipita karibu na jiko la kuni unajiombea. Yeye mwenyewe alitembea kwa miguu. Piki yake ilikuwa nyuma ya kibanda, imefunikwa gunia.

"Fundi, na hiyo yako?"

"Hiyo inapumzika."

Ilipumzika mpaka kuku wakataga kwa kiti, wakaangua, na vifaranga wao wakarudi kutaga hapo hapo.

Hakuwahi kusema "sijui." Hilo neno halikuwa kinywani mwake. Piki ikimshinda, alisema imelaaniwa, au mwenye piki ameinunua kwa mtu mbaya, au ni hii baridi ya Kericho inaingia kwa vyuma. Mafundi vijana walioleta vile vifaa vya kupimia vyenye taa na namba aliwaita makarani. "Karani anasoma," alisema. "Fundi anasikia." Na alikuwa na msemo wake aliourudia mpaka ukatoboka: "Injini haidanganyi. Anayedanganya ni mwenyewe." Hapo anakuangalia wewe mwenye piki, kana kwamba ulimwaga mchanga kwa tangi usiku.

Mke wake alikuwa mwanamke mkubwa, mpole, anauza omena sokoni Kapsoit. Siku moja nilimwambia ana bahati, ameolewa na mtu wa kusikiliza. Alicheka mpaka omena zikaanguka. "Mama Kiprono, kusikiliza nani? Mimi namwambia mlango umetoka bawaba tangu msimu wa kupanda, hajasikia. Piki ikikohoa Kapsoit, yeye yuko kitandani ananiambia, hiyo ni ya fulani, vali zimebana."

Tena ilikuwa kweli, hiyo ndiyo ilikuwa inaudhi. Enzi zake nzuri alikuwa anaweka ncha ya bisibisi kwa injini, mpini kwa sikio, anafunga macho kama mtu anayeonja mursik ya kwanza, yale maziwa yetu ya kibuyu. Dakika moja. Halafu anakwambia: kuna bearingi inalia upande wa kulia, itakufa baada ya wiki mbili. Wiki mbili zikifika, inakufa. Watu walianza kuogopa kumpelekea piki nzima, asije akaitabiria.

Sasa, hii piki yetu. Ilikuwa ya marehemu mzee wangu, baba ya Kiprono, na ilikuwa imezeeka kabla yeye hajazeeka. Mzee alikuwa na ugonjwa wa kuongeza vitu. Alirefusha mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu, ili ibebe mikebe minne ya maziwa. Akachomea kereia ya chuma ambayo ungeweza kufungia ndama. Akatoa kabureta yake ya kiwandani, akaweka nyingine kutoka piki kubwa iliyogongwa, na kwa sababu midomo haikukutana, akaunganisha kwa kipande cha mpira wa kumwagilia maji, akafunga na waya. Mwisho akakata bomba la ekzosi likabaki fupi kama kidole gumba, kwa sababu alitaka nijue anakuja akiwa bado kwa daraja. Nilijua. Kijiji kizima kilijua.

Fundi aliitukana hiyo piki maisha yake yote. Aliiita ng'ombe wa miguu sita. "Mama Kiprono, Mungu aliumba injini na bomba lake. Nani alimpa mzee wako ruhusa ya kutahiri ekzosi?" Na ukweli ni kwamba aliyeshika msumeno siku ile alikuwa yeye. Mzee wangu alishika tu bomba. Nilikuwa nimewaletea chai, nikawaona kwa macho yangu hao watu wazima wawili, wamechuchumaa, wanacheka kama wavulana wameiba sukari.

Baada ya mzee kwenda, kijana wangu Kiprono akaichukua. Kijana nasema mimi; ana watoto wanne. Asubuhi anapeleka maziwa yetu na ya majirani, mchana anabeba magunia ya majani. Ikakaa vizuri kitambo. Halafu ikaanza kupiga risasi.

Kupanda mlima, hakuna kitu. Inapanda imenyamaza kama imeokoka. Ni akianza kuteremka, anapofunga mafuta ili ishuke polepole: pa! Pa-pa! Moto unatoka kwa kile kidole gumba cha ekzosi. Ng'ombe wa jirani alipiga teke ndoo, maziwa yote chini. Mwalimu wa shule ya msingi alinijia na uso wa huzuni, akaniita kogo, yaani nyanya, akasema, "Watoto wangu wanalala chini ya madawati kila siku saa nne." Nikamwambia afadhali, wengine nasikia walikuwa wanalala juu ya hayo madawati.

Tukaipeleka kwa Fundi. Akainua kidole, tukanyamaza. Akachukua bisibisi, akaweka ncha kwa injini, na mpini, badala ya kuweka kwa sikio, akauma kwa meno.

Nilimwangalia. Kiprono akaniangalia. Vijana wa boda waliokuwa hapo wakaanza kusukumana. "Fundi anakula bisibisi!" mmoja akasema. "Mletee na chumvi!" Hakugeuka. Mimi nikasema, kwa sauti, uzee ni kitu kibaya, mwingine hurudia kuota meno. Walicheka sana. Nilijiona mwerevu.

"Ni kabureta," Fundi akasema.

Akaifungua, akaosha, akarudisha. Kiprono akateremka: pa! Akarudi. Fundi akauma tena bisibisi. "Kabureta. Uchafu ulibaki." Akaosha tena, akabadilisha na plagi. Pa-pa! Mara ya tatu, kabureta ile imeoshwa mpaka ingeweza kuwekwa kwa meza ya komunyo, akasimama na kuanza kuizunguka piki, anatafuta wa kulaumu.

"Nani alikata hii ekzosi?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Wewe, na marehemu, na mimi nimesimama hapo na chai."

"Basi nililazimishwa," akasema, akainua kidole tunyamaze.

Wakati huo huo kanisani mambo yalikuwa yanaharibika pia. Fundi aliimba besi kwa kwaya, na ilikuwa besi nzuri, siwezi kuinyima haki yake. Lakini sasa wimbo unaisha, kwaya inakaa, yeye bado amesimama anamalizia mstari wake peke yake, macho yamefungwa. Tulisema ni majivuno. Mama mmoja wa kwaya alisema Fundi anataka Mungu amsikie yeye peke yake. Nilikubaliana naye, na nikaongeza maneno mengine ambayo sitaandika.

Siku ya nne nilimfuata Kiprono kwa kibanda mwenyewe. Nilikuwa nimetoka kuosha vibuyu vya mursik, na kimoja, sotet ya mama yangu, kilikuwa kimeniharibia maziwa mara mbili. Nilikuwa nimekiosha, nimekikausha, nimekipaka mkaa wa mti wa senetwet kama inavyotakiwa, na bado mursik inatoka na ladha ya soksi. Mtu mjinga angeendelea kuosha. Mimi nilikipaka povu la sabuni nje, nikapuliza ndani, na pale shingoni povu likatoa vipovu. Ufa mdogo kama unywele. Maziwa hayakuwa na kosa. Hewa ilikuwa inaingia pasipo na mlango.

Nilikuwa njiani bado nafikiria hicho kibuyu, nikakumbuka mpira wa kumwagilia maji.

"Fundi, nipe sabuni."

Hakujibu. Nikamgusa bega. "Sabuni."

"Ya nini?"

"Ya kuosha kile hujaosha. Umeosha maziwa mara tatu. Kibuyu umeangalia?"

"Mama Kiprono, hii ni injini. Si mursik."

"Inanyonya hewa?"

"Inanyonya."

"Inapitia wapi?"

"Kwa kabureta."

"Na kama kuna mahali pengine inanyonyea?"

Akatazama juu, akasema "Nyasaye," vile watu wa kwao humwita Mungu mtu akiwachosha. Lakini sabuni alitoa. Kiprono akawasha piki, akaiacha ikinguruma polepole. Mimi nikakoroga povu zito kwa kikombe, nikainama, na kwa vidole nikaupaka ule mpira, juu, kando, halafu chini ambako jicho halifiki. Juu povu lilikaa. Kando likakaa. Chini likaingia. Halikuanguka, liliingia, kama maziwa yanavyoingia kwa mdomo wa mtoto. Na injini ikabadilisha sauti: ilikuwa inakimbia kidogo juu juu, ikajikwaa, ikakohoa, ikashuka ikatulia kabisa. Povu lilipoisha, ikaanza tena kukimbia.

"Eeeh!" vijana wa boda wakasema wote. Hata mama mmoja mwenye kikapu cha majani mgongoni, asiyejua piki kabisa, alisema eeh.

Fundi alikuwa ameinama pamoja nami, sikio lake halifiki futi moja kutoka kwa injini. Akaangalia uso wangu. Akaangalia uso wa Kiprono. Akainuka, akaangalia nyuso za vijana mmoja mmoja, kama mtu anayesoma orodha ya waliofaulu akitafuta jina. Alipomaliza kutusoma akasema, "Nimesikia."

Nimelea watoto saba. Najua uso wa mtu anayesema amesikia.

Ule mpira tulipoutoa ulikuwa umepasuka chini, ufa wa urefu wa punje ya mahindi. Akaweka mpira mpya wa maana, akaufunga na kibano cha chuma badala ya waya. Piki ikateremka mpaka daraja bila kutamka neno. Kufika jioni Fundi alikuwa ameshawaambia watu wote kwamba alimfundisha Mama Kiprono njia ya sabuni. Nilimwacha. Kwanza sikuwa na hasira, jambo lililonishangaza. Nilikuwa nimeshikwa na kile kitendo chake cha kutusoma nyuso.

Kesho yake nilipita kwa kibanda na sufuria yangu. Alikuwa amenipa mgongo, anakaza nati. Niliangusha kifuniko kwenye zege. Kuku wote walitoka kwa ile piki iliyopumzika, wakakimbia mpaka barabarani. Fundi aliendelea kukaza nati, anajiimbia besi.

Basi nikajua. Bisibisi kwa meno haikuwa uzee. Sikio lilikuwa limekufa, na yeye alikuwa anasikiliza kwa mfupa, kwa kile kidogo mfupa unaleta. Na injini zote zilikuwa zinamletea kitu kile kile, mtetemeko tu, ndiyo maana kila ugonjwa ukawa kabureta.

Ningenyamaza, maana si kila kitu ni cha kusemwa. Lakini alikuwa bado anajaribu piki za watu kwa lami. Akimaliza kutengeneza, anapanda, anapeleka mpaka kona, anarudi. Siku moja trekta ya majani ilikuwa inateremka nyuma yake, na dereva alipiga honi tangu kwa kanisa. Alipiga, akapiga, akalala juu ya honi. Fundi aliendelea katikati ya barabara, mgongo wima, kama bwana harusi. Trekta iliingia kwa shamba la chai la watu. Dereva alishuka akamtukana kwa lugha tatu, na Fundi akamwinulia kidole anyamaze, alikuwa anasikiliza piki.

Watu walicheka wiki nzima. Safari hii mimi sikucheka.

Lakini utamwambiaje? Kumnong'oneza mtu kama huyo ni kama kumnong'oneza gunia. Kumpigia kelele pale ni kutangaza, maana kile kituo kina masikio kuliko zizi la mbuzi. Kumwita nyumbani hangekuja. Alijua mimi siiti mtu kwa chai tu. Kumtumia karatasi nilifikiria, lakini karatasi kwetu husomwa na kila mkono unaoibeba.

Nikangoja mvua. Mvua yetu ya alasiri mnaijua, ikiangukia mabati hata wenye masikio mazima wanakuwa viziwi. Hapo kila mtu anapiga kelele na hakuna anayesikia jirani.

Ilikuja siku ya tatu. Watu wa majani wakakimbilia paa la kituo, mimi nikavuka barabara na kuingia kwa Fundi. Alikuwa peke yake, amekaa juu ya mkebe. Mabati yakaanza. Nikasogea, nikashika kichwa chake kwa mikono miwili vile unashika mtoto wa kunyoa, nikaweka mdomo kwa sikio la kulia.

"Husikii!"

Alitaka kusimama. Nikamkalisha.

"Husikii, Fundi! Nimejua! Utakufa kwa hiyo barabara! Mpe mwingine ajaribu piki, wewe fanya kwa mkono na jicho! Mkono bado unao!"

Hakuniangalia. Aliangalia bisibisi yake. Uso wake uliendelea kuwa ule wa majivuno kwa muda, halafu ukachoka kuwa hivyo. Mvua ikapiga, ikapiga, na kama kawaida yake huku kwetu, ikakatika mara moja, kama mtu amefunga mfereji. Mabati yakanyamaza. Ng'ambo ya barabara nikasikia mtu akipiga chafya, waziwazi kama yuko hapa.

Na Fundi ndipo akafungua kinywa, kwa sauti ile ile niliyotumia mimi, sauti ya kushinda mvua.

"MAMA KIPRONO! LA KUSHOTO LILIKUFA KWANZA! HILI LIMEBAKI KIDOGO TU!"

Nikamwonyesha juu kwa kidole, mabati, mabati, mvua imeisha.

"NDIYO, MUNGU ANAJUA!" akasema. "LAKINI WAO WASIJUE! WAKIJUA SISIKII NITAKUWA NANI HAPA? NAKUOMBA, USIMWAMBIE MTU!"

Kituoni walikuwa kama watu ishirini. Vijana wa boda, mama yule wa kikapu, wa kwaya wawili, mke wake na beseni lake la omena. Wote walikuwa wamegeuka. Niliwaangalia vile najua kuangalia watu, nikingoja yule wa kwanza atakayecheka, nimvukie barabara.

Hakucheka mtu. Mama wa kikapu aliinama kwanza, akaanza kuchambua majani yake, akitoa yale magumu. Wa pili akainama. Wakainama wote juu ya turubai, wakachambua, hata wale ambao majani yao yalikuwa yameshapimwa, hata vijana wa boda ambao hawana mti mmoja wa chai.

Fundi alikuwa bado amenishika mkono, anangoja jibu. Nikatikisa kichwa polepole ili aone vizuri: sitamwambia mtu.